Pimbi, Kifaru na Nyasi za Serikali

—Hodi masikioni mwenu.

—Karibu, ingia na ngano yako.

—Nimeiacha mlangoni, ina vumbi la ng'ombe miguuni.

—Ipanguse uilete.

—Nikiileta mtaisikiliza, au mtasinzia katikati kama juzi?

—Hatusinzii.

Haya basi, mmesema wenyewe.

Hapo kale, ila si kale sana kwa maana serikali ilikuwa imeshafika, kulikuwa na kaunti moja huko nyikani, kaunti ya mawe na miiba, ambako wanyama walifuga wanyama. Msiniulize mnyama anafugaje mnyama. Kwenye ngano ndivyo ilivyo, na anayetaka kubisha akabishane na ngamia.

Huko ndiko alikoishi Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, mnene kidogo, hana mkia, kwao ni majabalini. Huyu wa ngano yangu alikuwa mama mwenye maringo yake, na maringo yenyewe yalikuwa na sababu. Alikuwa na ng'ombe mmoja, jina lake Majivu, rangi ya jivu tangu puani hadi kwato, na wakati huo Majivu alikuwa na mimba kubwa. Kila asubuhi Pimbi alipanda juu ya mwamba wake, akajipaka mafuta, akatazama chini akasema, "Mkia sina, lakini nina Majivu." Kisha ndipo akashuka kufanya kazi.

Majirani zake walikuwa kama yeye. Nungunungu alikuwa na ng'ombe wachache weusi, Kanga alikuwa na wachache wa madoadoa, Nguchiro alikuwa na fahali mzee na mke wa fahali. Ng'ombe wao hawakuwa wengi. Kila mmoja aliwajua ng'ombe wake kwa rangi na kwa jina, na hakuna aliyewahesabu, maana huko kuhesabu ng'ombe ni kuualika mkosi uje na kiti chake ukae.

Maji yao yalitoka kwenye kisima kimoja kirefu, kilichochimbwa ndani ya mwamba na mababu. Siku ya maji walishuka kisimani wakasimama mmoja juu ya mwingine, na ndoo ya ngozi ikapita mkono kwa mkono mpaka juu. Pimbi ndiye aliyesimama chini kabisa majini, kwa sababu miguu yake hushika mwamba hata ukiwa na utelezi. Alichovya ndoo, chubwi. Nungunungu akaipokea, Kanga akaipokea, Nguchiro akaipokea, na juu kabisa alisimama Kifaru akaimimina horini, chururu. Huku wanaimba:

Nani mwenye ng'ombe?
—Mwenye kulowa mkono.
Nani asiye na ng'ombe?
—Asiguse ndoo.

Wimbo huo ndio uliokuwa sheria. Ng'ombe wako akinywa, mkono wako lazima ulowe. Na kama huna ng'ombe, ndoo ya kisima usiiguse, kwa maana utakuwa unatamani mali ya wenzako, na kisima hukasirika kikakauka. Hakuna aliyeivunja mila hiyo, hata walevi.

Sasa mjue Kifaru. Kifaru alikuwa mkubwa. Akitembea ardhi inasema tifu, tifu, tifu. Macho yake hayaoni mbali, lakini pua yake ikisikia harufu ya cha bure hailali. Boma lake lilikuwa pana kuliko mabomba yote ya majirani yakiunganishwa. Samahani, maboma, ulimi wangu umeteleza. Mlango wa boma hilo ulikuwa wa magogo, na wanyama wadogo walipopita hapo waliamkia hata kama mwenyewe hayupo.

Mwaka huo jua likawaka. Nyasi zikaisha, majani yakaisha, ng'ombe wakaanza kula maganda ya miti. Mbavu za Majivu zikaonekana, na tumbo lake lenye ndama likaning'inia. Pimbi akawa halali vizuri. Alimchumia Majivu vijani vilivyoota kwenye nyufa za mwamba, kimoja kimoja, na Majivu akavimaliza kwa kulamba mara moja, kisha akamtazama Pimbi kama anayeuliza vingine viko wapi.

Ndipo akaja Karani Tamba, yule ndege mwenye miguu mirefu na manyoya kisogoni kama kalamu. Alitumwa na serikali. Alikuja kwa mwendo wa ofisi, kop, kop, kop, akasimama kwenye uwanja wa soko, akakohoa.

"Serikali imesikia kilio chenu," akasema. "Serikali inatoa ruzuku. Kila mfugaji atapewa marobota ya nyasi kavu na mawe ya chumvi, kulingana na wingi wa ng'ombe wake. Kesho nitapita bomani kuhesabu."

Wanyama wakashangilia. Karani Tamba akainua bawa wanyamaze.

"Mfugaji ni mwenye ng'ombe kuanzia ishirini."

"Na mwenye chini ya hapo?" akauliza Pimbi.

"Mwenye chini ya hapo ni mwananchi."

"Na mwananchi anapewa nini?"

"Mwananchi anaombewa," akasema Karani Tamba.

Pimbi akamtazama. "Bwana karani, ng'ombe wangu akisikia njaa, hujiuliza kwanza kama ni wa mfugaji au wa mwananchi?"

"Mama, sheria haijafika huko," akajibu Karani Tamba, akaondoka zake, kop, kop, kop.

Jioni hiyo, kabla wadogo hawajamaliza kulalamika, Kifaru akawajia. Tifu, tifu, tifu. Alikuwa na sauti ya asali.

"Jirani zangu, mnahangaikia nini na mimi nipo? Leteni ng'ombe wenu walale kwangu usiku mmoja tu. Karani akihesabu ataona mfugaji mkubwa, atatoa nyasi nyingi, kisha tutagawana. Mimi si mtu wa kula peke yangu."

Nungunungu akasema ndiyo. Kanga akasema ndiyo. Nguchiro akasema ndiyo. Pimbi peke yake akasita. Alijua kwamba akopeshaye fisi mfupa hahitaji kuuliza utarudi lini. Lakini aliziangalia mbavu za Majivu, akajiona yeye na majivuno yake hawawezi kumlisha ng'ombe. Akamshika Majivu pembe, akampeleka mwenyewe mpaka mlango wa magogo, akamkwaruza shingoni, akarudi mwambani bila kuimba.

Asubuhi Karani Tamba akafika. Boma la Kifaru lilikuwa limejaa pomoni.

"Mzee Kifaru, hawa wote ni wako?"

"Wote."

"Hata huyu wa kijivu mwenye mimba?"

"Huyo hasa."

Karani Tamba akafurahi, kwa sababu serikali hupenda kusaidia wanaojiweza. Palepale akamtangaza Kifaru kuwa Mfugaji Mkuu wa Kaunti. Punda wakaleta marobota ya nyasi, wakayapanga ghalani kwa Kifaru mpaka yakagusa paa. Harufu ya nyasi hizo ilifika kila mahali.

Wadogo wakaja mlangoni.

"Mzee, tumekuja kwa mgao," akasema Nungunungu.

"Mgao gani?" akauliza Kifaru.

"Wa nyasi."

"Nyasi ni za mfugaji. Nyinyi ni wananchi."

"Basi tupe ng'ombe wetu twende," akasema Kanga.

"Ng'ombe gani? Serikali imehesabu, imesema wote ni wangu. Mnataka kuikosoa serikali?"

Nungunungu akasimamisha miiba yake, rrrr. Kifaru akainamisha pembe yake moja tu. Miiba ikalala.

Walirudi makwao. Pimbi akapanda mwamba wake, akakaa, akalia. Alilia sana. Msidhani wajanja hawalii; hulia kama nyinyi, ila wao wakimaliza hujifuta uso wakafikiri. Chini kule Majivu alikuwa akiita, mooo, na Pimbi alimjua kwa sauti kati ya wote. Alimsikiliza. Akajiuliza, anaita nini, nyasi au maji? Kesho ilikuwa siku ya maji.

Siku ya maji. Pimbi akaacha kulia. Akaanza kuuimba ule wimbo wa kisimani polepole, mstari kwa mstari, na alipofika kwenye "asiguse ndoo" akacheka peke yake.

Kwanza alikwenda kwa Karani Tamba, aliyekuwa akingoja sokoni shehena ya pili ya nyasi.

"Bwana karani, kesho Mfugaji Mkuu ananywesha kundi lake lote. Serikali haitapenda kuona kundi iliyolilisha?"

"Serikali itapenda sana," akasema Karani Tamba, maana sherehe humpendeza.

Kisha akaenda kwa Kifaru, akainama mpaka pua ikagusa vumbi.

"Shikamoo, Mfugaji Mkuu."

"Marahaba. Umekuja kuomba?"

"La, mzee. Nimekuja kukutukuza. Kesho bwana karani atakuwa kisimani kukutazama. Utaturuhusu tuje tukuimbie?"

Kifaru akavimba kichwa. "Njooni. Njooni wote."

Mwisho akapita kwa majirani, akawanong'oneza neno mojamoja. Nungunungu akacheka hata miiba ikagongana.

Asubuhi ng'ombe wakateremka kisimani kwa vumbi na kelele, wenye kiu ya kiangazi. Kifaru akasimama horini, mahali pake pa siku zote. Karani Tamba akasimama pembeni. Wadogo walikuwa wamekaa juu ya mwamba, wamejipaka mafuta, Kanga amejipangusa doa moja moja, wote vifua mbele kama wageni wa harusi.

Kifaru akangoja. Ng'ombe wakangoja. Mooo.

"Ndoo iko wapi?" akauliza Kifaru.

"Iko chini, Mfugaji Mkuu," akajibu Pimbi.

"Nileteeni."

Wadogo wakaimba:

Nani mwenye ng'ombe?
—Mwenye kulowa mkono.
Nani asiye na ng'ombe?
—Asiguse ndoo.

"Nungunungu, shuka."

"Mzee, mimi sina ng'ombe."

"Kanga, shuka."

"Mzee, mimi sina ng'ombe."

"Nguchiro, shuka."

"Mzee, mimi sina ng'ombe."

"Pimbi. Wewe ndiye wa chini, shuka."

"Ningeshuka, mzee. Nashuka kwa ng'ombe gani? Mimi ni mwananchi."

Kifaru akatetemesha masikio. Karani Tamba akanyoosha shingo.

"Mzee Kifaru, sielewi. Hawa ng'ombe ni wako au si wako?"

Sasa fikirini mngekuwa nyinyi. Akisema si wake, nyasi zinaondoka. Akisema ni wake, anashuka. Kifaru alizikumbuka zile nyasi zilizogusa paa.

"Ni wangu," akasema.

"Basi wanyweshe," akasema Karani Tamba.

Majivu alikuwa amesogea mbele ya kundi. Ulimi wake ulikuwa umekauka, na aliinua kichwa akamtazama Pimbi moja kwa moja. Nungunungu akamnong'oneza, "Mama, tushuke tu, atakufa." Na Pimbi alikuwa amekwisha kuinuka nusu, nawaambieni, alikuwa amekwisha kuinuka nusu. Akajikaza akakaa tena. "Bado kidogo," akasema, na sauti yake haikuwa na mchezo.

Kifaru akakiendea kisima. Akaingiza kichwa. Akaingiza shingo. Akaingiza mabega, akasukuma, akasukuma, na hapo akanasa ndi. Kichwa chini, matako juu, miguu ya nyuma inapiga hewa. Kisima kile kilichimbwa na watu wembamba.

"Nivuteni," ikasema sauti kutoka ndani.

Pimbi akaja taratibu mpaka ukingoni, akachutama.

"Mzee, tungekuvuta sasa hivi. Lakini kamba ya kukuvutia ni ya kisima, nayo ni kama ndoo. Asiye na ng'ombe haigusi."

"Mnao ng'ombe."

"Sisi? Tumewapata lini?"

"Mnao, mnao. Nivuteni, damu inanijaa kichwani."

"Sema taratibu, mzee. Bwana karani anasikiliza. Wa kijivu ni wa nani?"

"Wako."

"Weusi?"

"Wa Nungunungu."

"Wa madoadoa?"

"Wa Kanga."

"Yule fahali mzee na mkewe?"

"Wa Nguchiro. Nivuteni."

"Na wewe mwenyewe, Mfugaji Mkuu, unao wangapi?"

Miguu ikaacha kupiga hewa.

"Kumi na watatu," ikasema sauti, kidogo sana, maana alikuwa amewahesabu kwa siri.

Karani Tamba akainua mguu mmoja akasahau kuuteremsha. "Kumi na watatu? Mzee Kifaru, kumbe na wewe ni mwananchi."

Hapo wadogo walishika kamba. Wakamfunga Kifaru mguu wa nyuma, wakaita harambee, wakavuta, harambee, wakavuta, akatoka kwa kishindo, pwaa, pua ina matope. Lakini Pimbi hakubaki kumcheka. Alikuwa ameshateremka kisimani mbio, mwamba kwa mwamba, akaikamata ndoo. Chubwi. Nungunungu akaipokea, Kanga akaipokea, Nguchiro akaipokea, na Kifaru, bila kuambiwa, akaimimina horini, chururu. Majivu akanywa wa kwanza, na huko chini Pimbi aliposikia akinywa, alilia mara ya pili, ila machozi haya yalikuwa ya mwenye mali.

Walipomaliza, Karani Tamba akakohoa.

"Kwa masikitiko, sasa kaunti hii haina mfugaji hata mmoja. Nyasi zitarudi serikalini."

Wote wakamgeukia Pimbi. Alikuwa ametoka kisimani, amelowa chapachapa, mdogo kuliko alivyokuwa akiwa mkavu. Hakuinama safari hii.

"Bwana karani, sheria inasema uhesabu wapi?"

"Bomani."

"Boma ni nini?"

"Ni mahali ng'ombe wanapokuwa pamoja."

"Basi umesimama juu yake. Hawa wananywa kwenye hori moja, kwa ndoo moja, wanatekewa na mikono hii. Usiku nyua za miiba zinawatenganisha, mchana kisima kinawaunganisha. Wahesabu hapa. Wamefika ishirini au hawajafika?"

Karani Tamba akatazama kundi. "Wamepita."

"Basi yupo mfugaji."

"Yupo, lakini ni nani? Serikali inataka jina moja."

"Andika Kisima."

"Mama Pimbi, kisima si mtu."

"Jana uliandika Kifaru, naye hakuwa mfugaji. Leo andika Kisima. Angalau chenyewe hakili nyasi."

Karani Tamba akajikuna kisogoni kwa muda mrefu. Akatafuta kosa hapa, akatafuta pale, akakosa. Mwisho akatangaza kwa sauti ya ofisi kwamba mfugaji wa kaunti hiyo ni Mzee Kisima, mwenye ng'ombe wengi, mkazi wa mwambani. Marobota yakatolewa ghalani kwa Kifaru, naye mwenyewe akayabeba mgongoni mpaka kisimani, tifu, tifu, tifu. Yakagawanywa hapo, kila ng'ombe na chake, hata wale kumi na watatu, kwa maana tumbo la ng'ombe halina hatia ya mwenyewe.

Wanasema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Majivu alizaa jike, la kijivu tangu puani hadi kwato, likasimama siku ileile. Pimbi alilitembeza soko zima. Hakuwa na haja ya kununua chochote sokoni, wala hakununua. Alitembea tu, ndama nyuma yake, akiitikia salamu za watu kwa kichwa kama chifu.

Na kila serikali inapoleta nyasi, Karani Tamba hufika kwanza ukingoni mwa kisima, akavua miwani, akainama kwa heshima zote.

"Hujambo, Mzee Kisima?"

Na kutoka chini kabisa, gizani, sauti nyembamba humjibu, "Sijambo, mwanangu. Weka hapo uende."

Hapo ndipo ngano yangu ilipolala. Kila ngano ina funzo, na hii nimeagizwa niwape lake. Watoto wazuri, ujanja ni tabia mbaya. Mkubwa akisema mali yenu ni yake, msibishane naye hata kidogo. Mwitikieni, mjipake mafuta, mkae mahali pazuri mnapoona vyema. Na hesabu za serikali hazikosei kamwe.

—Mmelisikia funzo?

—Tumelisikia.

—Mtalifuata?

—Hatulifuati.

—Basi nimefundisha vizuri. Ngano imetoka kwangu, iko kwenu. Ilisheni, mimi nimechoka kuichunga.